Mwanangu, si kila "sound" ni sauti

Mwanangu,

Nimeisoma tafsiri uliyonitumia, nikairudia, na usingizi ukaniruka. Mkaguzi ameandika "the beam is sound", nawe ukaandika "boriti ina sauti". Boriti haina sauti, mwanangu. Boriti ni nzima. Jumatatu unaanza kutafsiri ripoti za ukaguzi wa majengo, na kuna watu watakaolala chini ya boriti hizo.

Kiingereza chako ni kizuri, nakusifia hata usipokuwepo. Lakini una haraka. "Safe and sound" umeiandika salama salimini, "sound asleep" ukaandika fofofo, na "of sound mind" ukaweka akili timamu. Kwa hiyo maana ya uzima unaijua! Neno likikaa peke yake tu, unalikimbilia lile la sauti.

Hayo ni maneno manne yanayoandikwa sawasawa. La sauti asili yake ni sonus ya Kilatini, na hiyo d ya mwisho ilibandikwa baadaye. La uzima ni ndugu wa gesund ya Kijerumani. La tatu limepitia Kifaransa: ni kupima kina cha maji, kama baharia anavyotupa bildi, na ndiyo maana kumpima mtu mawazo kabla ya kumweleza shauri lako huitwa "sound out". La nne ni mkono wa bahari. Kwenye majengo hutakutana nalo.

Mawili ya kwanza ndiyo yanayonitia hofu, kwa kuwa hukaa sentensi moja. Tazama: "The tiles near the door sound hollow, the rest are sound." Mkaguzi amegonga vigae kimoja kimoja. Vya karibu na mlango vinalia kama debe tupu, maana saruji ya chini haikushika. Vilivyobaki ni vizima, vimeshika barabara. Ukiandika sauti pote pawili, mwenye nyumba atabandua hata visivyo na kosa, au ataviacha vibovu.

Kabla hujaandika, jaribu kutanguliza "very" kwa maana ya sana. Maana ya uzima huikubali. Nomino ya sauti haiikubali kamwe. Likiwa kitenzi, linafuatwa na kivumishi: "sounds good", si "sounds well". Mbele ya nomino weka "like": "sounds like a crack". Na uangalie sana "it sounds safe". Aliyeandika hivyo hajathibitisha kitu, anasema kwa alivyosikia. Usimwandikie "ni salama". Andika "kwa maelezo yaliyotolewa, inaelekea ni salama".

"A sound engineer" ni mtego mwingine. Mkazo ukiwa kwenye "sound", ni fundi mitambo ya sauti. Ukiwa kwenye "engineer", ni mhandisi makini. Karatasini mkazo hausikiki, kwa hiyo soma aya nzima, na ukikwama muulize aliyeandika. Kuuliza hakukupunguzii kitu, nimekwambia mara ngapi?

Sauti yetu inambeba mtu na mlango pamoja. Kwao mtu ana "voice", mlango una "sound", na kelele ni "noise".

Pengine lile daftari la maneno, Kiingereza kushoto, Kiswahili kulia, neno moja kwa neno moja, ndilo lililokuzoeza hivi. Mistari yake niliichora mimi.

Blanketi lako la kijivu limekauka, liko juu ya kabati. Ufunguo wa akiba mwachie mdogo wako, wake umevunjikia kitasani. Kamusi ile nene ichukue hata kama begi litalemea, na usiishie kwenye maana ya kwanza. Sentensi ya boriti irekebishe leo hii, unitumie kabla sijalala.

Mama yako