Mwongozo wa kusahihisha hauna ndizi

Mhariri,

Nasoma gazeti lenu tangu likiuzwa limetandazwa chini pale stendi ya Bukoba, na sijawahi kuwaandikia. Ila ile habari ya twiga imenishinda. Eti wanasayansi "wamegundua" kuwa twiga ni spishi nne! Na ukurasa huohuo, yule ndugu wa safu anataka vyuo vifute falsafa kwa sababu haijengi zahanati.

Wamegundua wapi? Twiga ni walewale. Utafiti wa jeni wa 2016 ulionyesha makundi manne yaliyotengana zamani sana. 2025 IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa viumbe na mazingira, likakubali kuyaita spishi. Kuonyesha ni kazi ya maabara. Kuita ni uamuzi, na hapo lazima mtu aulize: spishi ni nini hasa? Mwanafalsafa David Hull wa Marekani alilishikilia swali hilo miaka mingi. Akasema spishi si fungu la vitu vinavyofanana, ni kama kitu kimoja chenye kuanza na kuisha, mfano wa ukoo.

Mjukuu wangu wa kidato cha pili aliulizwa hilohilo kwenye jaribio. Akaandika jibu la mwanabiolojia Ernst Mayr la 1942, lilelile nililowakaririsha watoto wa watu miaka 31: viumbe wanaozaana wao kwa wao. Kisha akaongeza, "Lakini mgomba wa bibi hauna mbegu, tunahamisha chipukizi tu. Unazaana na nani?" Sufuri! Wino mwekundu kona hadi kona, na pembeni, "Usilete utani." Nikafunga safari hadi shuleni. Mwalimu akanijibu kwa upole kabisa: "Mzee, mwongozo wa kusahihisha hauna ndizi." Sisi hapa tunakula ndizi asubuhi na jioni! Nami nilifundisha miaka yote hiyo, migomba ikinichungulia dirishani, nisiulize.

Halafu ukurasa wa sayansi mmeubana hadi robo, mikeka ya kubeti inapewa kurasa mbili za rangi.

Basi mtafuteni mwanafalsafa mmoja asiye na ajira, wamejaa. Kila Alhamisi mpeni kalamu nyekundu, chai ya rangi na chapati mbili. Akikuta "wamegundua", amuulize mwandishi, "Au wameamua?" Chapati zikiwashinda, mjukuu wangu anafunga shule mwezi wa sita.

Mwalimu mstaafu,
Bukoba