Rukia, kumeguka si kubomoka

Mpenzi Rukia,

Pokea salamu zangu na za wote hapa nyumbani. Ujumbe wako nimeupata, ila jambo lenyewe ni refu kwa simu, ndiyo maana nakuandikia. Umeona picha ya lile pande la barafu lililomeguka Antaktika, kubwa karibu sawa na Unguja nzima, ukaingiwa na hofu kwamba bara lile limeanza kubomoka.

Pande hilo lilimeguka Septemba 2019 kutoka bamba la Amery, mashariki mwa bara. Lilikuwa na kilomita za mraba 1,636. Bamba kama Amery ni barafu ya nchi kavu iliyoteremka taratibu hadi baharini, ikaelea bila kuachana na ile iliyo nyuma yake. Theluji hulijaza kwa juu, mito ya barafu hulisukuma kutoka nyuma, na ukingo wake husogea mbele mwaka hadi mwaka mpaka umeguke. Kisha huanza kusogea upya. Kabla ya hapo, Amery ilikuwa imepoteza pande kubwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Tumezaliwa, tumesoma, tumelea watoto, bamba bado likirefuka tu! Picha ya siku moja haiwezi kukueleza hayo.

Wala si Amery peke yake. Watafiti waliopima mabamba 34 kwa setilaiti kati ya 2009 na 2019 walikuta 18 yamepungua na 16 yamekua, na kwa jumla eneo liliongezeka kwa kilomita za mraba 5,305.

Lakini sikuambii tulale, shoga yangu. Bamba la Larsen B, kwenye Rasi ya Antaktika, lilikuwa limedumu kwa miaka isiyopungua 10,000. Mwanzoni mwa 2002 zaidi ya kilomita za mraba 3,000 zake zilisambaratika kwa muda wa wiki chache. Joto la kiangazi liliyeyusha barafu ya juu, maji yakatuama, yakaingia kwenye nyufa, na uzito wake ukazipasua mpaka chini. Habari hiyo huniumiza mpaka leo. Bamba lenyewe, kwa kuwa lilikuwa tayari linaelea, halikuinua bahari kwa kiasi cha kutajwa. Ila ndilo lililokuwa komeo la mito ya barafu iliyo nyuma yake. Lilipotoweka, mito hiyo ikaongeza kasi mara kadhaa, na barafu hiyo ya nchi kavu ndiyo inayoongeza maji ya bahari hii tunayoishi kando yake.

Kwa hiyo hofu yako, ukinisikiliza, ielekeze magharibi mwa bara lile, kwenye mito ya barafu ya Pine Island na Thwaites. Huko maji ya vuguvugu kutoka kilindini hupenya chini ya mabamba na kuyala kwa chini. Bamba laweza kubaki na eneo lile lile huku likizidi kuwa jembamba, na picha za kwenye simu hazionyeshi hilo. Siku nyingine ukisikia barafu imemeguka, uliza imemeguka wapi. Kama ni ncha ya mbele inayoelea huru, mara nyingi ni kawaida yake. Kama ni sehemu iliyojibana kwenye visiwa au miamba ya chini ya bahari, hapo niandikie haraka, maana hizo ndizo sehemu zinazoshikilia bamba zima.

Nisalimie mama na watoto. Ukija mwezi wa kumi na mbili tutaitandaza ramani mezani, nikuonyeshe yote haya.

Wako,
Mwanahawa