Risala kwa Mgeni wa Heshima: Leza Isije Peke Yake

Mheshimiwa mgeni wa heshima, walezi wa chama, mafundi wa maabara na wanachama wenzetu, hamjambo.

Tunakushukuru kwa kuacha shughuli zako ukaja kutusikiliza. Tumeambiwa uko tayari kutununulia leza ya infraredi ya kati (mwanga usioonekana kwa macho) ili tupime gesi katika hewa ya Nairobi. Tumefurahi mno, ila tuna ombi: leza isije peke yake.

Tunayoihitaji ni leza ya kaskedi ya kwanta. Wanafizikia Kazarinov na Suris waliliandika wazo lake mwaka 1971, na mwaka 1994 Jérôme Faist, Federico Capasso na wenzao wakaiwasha katika maabara za Bell, Marekani. Ndani yake mna mamia ya matabaka ya semikondakta yenye unene wa nanomita chache. Elektroni huteremka humo kama mtu anayeshuka ngazi, na kwenye kila kipandio huweza kutoa fotoni, yaani chembe ya mwanga. Unene wa matabaka ndio unaoamua urefu wa wimbi, na kila gesi humeza mawimbi yake maalumu (ndiyo mistari yake), kwa hiyo mtengenezaji hulenga gesi anayoitaka: mikromita 4.6 kwa monoksidi ya kaboni inayotoka kwenye jiko la makaa, au karibu 7.7 kwa methani ya jaa la Dandora.

Taabu iko kwenye joto. Ukiilisha volti 10 na ampia 0.5, umetumia wati 5, na mwanga unaotoka mara nyingi haufiki hata wati 0.1. Kinachobaki chote ni joto ndani ya kipande chembamba kuliko punje ya mchele. Joto likipanda kwa digrii moja tu, wimbi la mwanga husogea kiasi cha upana mzima wa mstari wa methani, na kipimo kinaharibika. Ndiyo maana tunaomba kipozaji cha Peltier (kinachohamisha joto kwa umeme) chenye kidhibiti cha kushikilia joto ndani ya sehemu ya mia ya digrii, juu ya bamba nene la shaba. Msimu wa mvua, leza ikipozwa chini ya kiwango cha umande, maji hutanda usoni pake. Kasha lipitishiwe nitrojeni kavu.

Umeme nao. Chanzo cha mkondo kiwe cha kuanzia sifuri na kupanda taratibu, chenye betri ya akiba, kwa sababu umeme ukikatika na kurudi ghafla, mruko mmoja unatosha kuiua leza. Kugeuza chanya na hasi pia huiua. Fundi avae mkanda wa kuondoa umeme tuli, awashe kipozaji kwanza, mkondo baadaye.

Lenzi zisiwe za kioo cha kawaida, maana mwanga huu haupenyi humo. Ziwe za zinki selenaidi. Kamera ya simu haiuoni pia, basi miwani ya kinga inayolingana na wimbi hilo ni lazima, tena kwa kila aliye chumbani.

Chemba ya gesi, mwanga unamopita kupimia, iwe na kipimashinikizo chake. Shinikizo la hewa hapa ni takriban kilopaskali 83, na pwani ni 101, hivyo mistari ya gesi huku ni myembamba zaidi. Chombo kilichosawazishwa Mombasa kikiletwa hapa bila marekebisho kitatoa namba za uongo.

Kuhusu leza za terahezi, zenye mawimbi marefu kuliko ya infraredi ya kati, tunakusihi usubiri. Leza ya kwanza ya aina hiyo, ya terahezi 4.4, ilitokea mwaka 2002, lakini fotoni zake zina nishati ndogo kuliko ya joto la chumba, kwa hiyo bado huhitaji ubaridi mkali, na mvuke wa maji hewani huzimeza. Gharama ya kuipoza leza hiyo ingelimaliza fungu lote.

Bajeti ikibana, Mheshimiwa, punguza nguvu ya leza, usiguse kipozaji wala chanzo cha mkondo.

Ni sisi, wanachama wa chama cha fizikia.