Mvua ya Tabora ipimwe Tabora

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji. Kila ikifika Septemba na Oktoba magazeti huanza na El Niño (maji ya Pasifiki yakipata joto) au La Niña (yakipoa), na ukurasa wa habari za kimataifa hujaa mafuriko ya huku na joto la kule. Habari hizo ni za kweli na ziendelee kuandikwa. Tatizo ni pale mkulima wa Sikonge au Kasulu anapozitumia kuamua siku ya kupanda. Picha ya gari lililosombwa na maji Hispania haimwambii lolote kuhusu shamba lake, na hata El Niño yenyewe kwetu sisi wa magharibi haisemi mengi kama inavyodhaniwa.

Chukueni msimu wa 2023/24. El Niño huhesabiwa kuwa ipo pale maji ya Bahari ya Pasifiki karibu na ikweta yanapozidi wastani wa joto kwa nusu nyuzi au zaidi kwa miezi mfululizo, na msimu ule ilikuwepo kweli. Vuli ya pwani na kaskazini mwa nchi ikapita kiasi. Kusini mwetu mambo yakawa kinyume: Zambia ilitangaza ukame kuwa janga la taifa mwishoni mwa Februari 2024, Malawi ikafuata Machi, Zimbabwe mwanzoni mwa Aprili. El Niño ni ile ile. Tabora na sehemu kubwa ya Kigoma ziko kwenye ukanda wa katikati ambako nguvu hizo mbili hukutana, na mara nyingi hakuna inayoshinda wazi. Ukisikia El Niño ukiwa Tanga una sababu ya kuzibua mitaro. Ukiisikia ukiwa Urambo, subiri habari zaidi.

Isitoshe, Pasifiki si bahari pekee yenye neno. Mvua kubwa za 1961, zilizopandisha maziwa ya Afrika Mashariki kwa miaka kadhaa, hazikuletwa na El Niño; upande wa magharibi wa Bahari ya Hindi ulikuwa na joto kuliko upande wa Indonesia. Hali hiyo ilirudi 2019, tena bila El Niño kali. Mwaka 1997 vyote viwili vilikutana, na matokeo yake wengi wanayakumbuka. Mwaka 2015 El Niño ilikuwa miongoni mwa kali kabisa zilizowahi kupimwa, lakini mafuriko yaliyohofiwa Afrika Mashariki hayakufikia yale ya 1997.

Sisi tuna jambo la tatu, hewa yenye unyevu inayotoka misitu ya Kongo. Ikisukumwa kuja mashariki, Kigoma hunyeshewa kwanza, kisha Kaliua na Tabora. Vimbunga vya Bahari ya Hindi huivuta au huiachia kutegemea vimekaa wapi. Machi 2019, kimbunga Idai kilipoipiga Msumbiji, mvua za masika zilichelewa sehemu nyingi za Afrika Mashariki. Kimbunga kikikaa mashariki ya Madagaska kinaweza kufanya kinyume, yaani kuuvuta upepo wa magharibi hadi kwetu. Hakuna utabiri wa miezi sita unaoweza kukwambia kimbunga cha Februari kitakaa wapi.

Vituko vya kwingine navyo kila kimoja kina sababu yake. Tarehe 29 Oktoba 2024 kituo cha Turís, jimbo la Valencia, kilipima milimita 771.8 kwa saa 24. Tabora msimu mzima wa kawaida hupata kama milimita 900 hadi 1,000. Kule mfuko wa hewa baridi ulijitenga juu angani, ukakaa karibu na Bahari ya Mediterania iliyokuwa bado na joto la kiangazi. Lytton, Kanada, ilifika nyuzi 49.6 mwezi Juni 2021 kwa sababu mgandamizo mkubwa wa hewa uling'ang'ania mahali pamoja siku nyingi. Kinachoviunganisha ni kwamba hewa ikipata joto kwa nyuzi moja hubeba mvuke zaidi kwa takriban asilimia 7, kwa hiyo inaponyesha hunyesha kwa pupa, na pasiponyesha ardhi hukauka haraka.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa Japani, na si wa maafa. Mlima Fuji ulipata theluji ya kwanza tarehe 7 Novemba 2024, na wakajua hapo hapo kuwa haijawahi kuchelewa hivyo tangu kumbukumbu zianze 1894. Kyoto wana tarehe za kuchanua kwa miti ya cheri tangu karne ya 9. Ndiyo maana walipoona kilele tarehe 26 Machi 2021 waliweza kusema ni mapema kuliko mwaka wowote walionao kwenye maandishi. Sisi tunasema "mvua za siku hizi zimeharibika" bila karatasi hata moja ya kijiji mkononi. Kituo cha hali ya hewa kipo uwanja wa ndege wa Tabora, Kigoma vilevile, lakini mvua zetu ni za radi. Wingu linaweza kumwaga milimita 40 Ipuli na lisitie tone upande wa pili wa mji.

Kipimamvua cha kijiji hakihitaji mfadhili. Tafuta faneli ya plastiki yenye mdomo wa sentimita 16, dumu la lita 5, na bomba la sindano la mililita 20 kutoka duka la dawa. Mdomo wa sentimita 16 una eneo la sentimita za mraba 201, kwa hiyo kila mililita 20 za maji ni milimita moja ya mvua: bomba moja lililojaa, milimita moja. Dumu litabeba karibu milimita 250 kabla ya kufurika, zaidi ya siku yoyote ya kawaida kwetu. Faneli ikiwa ya kipimo kingine, pima kipenyo kwa sentimita, kizidishe kwa chenyewe, kisha zidisha kwa 0.0785, utapata ni mililita ngapi zinazofanya milimita moja. Pima kwa ndani, ukingo hadi ukingo, kwa rula ya chuma. Ukikosea sentimita moja hapo, takwimu zako zote zitapotoka kwa zaidi ya asilimia 12, na hutajua.

Faneli pana yenye kina kifupi haifai, kwani matone makubwa huruka nje. Chagua yenye kina, au iongezee ukingo uliosimama wima, bila kubadili kipenyo. Fukia dumu nusu ardhini lisipate joto wala kuangushwa na mbuzi, mdomo wa faneli ubaki sentimita 30 juu ya ardhi, ukiwa sawa kwa pima maji ya fundi. Usiweke kwenye sakafu ya saruji, maana maji hudunda yakaingia. Kaa mbali na kitu chochote angalau mara mbili ya urefu wake: mwembe wa mita 8, mita 16. Kosa hili ndilo kubwa kuliko yote vijijini, watu huweka chombo chini ya upenu ili kiwe karibu na mlango, kisha wanapima maji ya bati.

Soma saa 3 asubuhi kila siku, saa inayotumiwa na vituo vya hali ya hewa. Siku isiyo na mvua andika 0. Siku ambayo hakuna aliyesoma andika kistari, na usiandike 0 kamwe. Ukikuta maji ya siku tatu pamoja, yaandike kama jumla ya siku tatu, usiyagawanye kwa kukisia. Toa majani na wadudu kwenye shingo ya faneli, mwaga maji yote, rudisha.

Sasa kupanda. Mkulima wa Uyui anayeona wingu la kwanza la Novemba na kutawanya mbegu kwa milimita 8 anazifanya zivimbe, zichipue, kisha zife. Mbegu ya mahindi ni kilo 8 hadi 10 kwa ekari, na bei zake mnazijua. Udongo mtupu uliolowa, kwa jua la mwezi huo, hupoteza milimita 4 hadi 5 kwa siku katika siku za mwanzo. Mahindi huhitaji siku 5 hadi 7 kuota. Kwa hiyo mvua ya kupandia ifikie walau milimita 20 ndani ya siku tatu, na unyevu uwe umeshuka sentimita 15 hadi 20. Chimba kwa jembe uone. Kipimo cha kufinyanga udongo kiganjani hudanganya kwenye kichanga chetu, hakishikani hata kikiwa na maji ya kutosha. Kwenye udongo mzito wa mbuga za Igunga na Nzega milimita hizo 20 hushuka sentimita 10 hadi 13 tu, hivyo huko ngoja 30. Kisha sikiliza taarifa ya siku kumi ya Mamlaka ya Hali ya Hewa. Ikisema pakavu, hata milimita 20 zisikutie haraka.

Usipande shamba zima siku moja. Nusu iende na mvua hiyo, nusu nyingine baada ya siku 10 hadi 14. Sababu ni kile kipindi kikavu cha katikati ya msimu, mara nyingi kati ya Januari na Februari. Mahindi ya siku 120 hutoa mbelewele kwenye siku ya 60 hadi 65, na wakati huo hunywa milimita 6 hadi 7 kwa siku. Wiki mbili bila mvua hapo, ndevu hukauka kabla ya kupokea chavua, na unavuna magunzi yenye punje za kuhesabu ingawa mmea ulikuwa wa kijani hadi mwisho. Ukavu huo huo ukija mahindi yakiwa magotini hupunguza tu. Mashamba mawili yaliyopishana wiki mbili hayafi kwa ukavu mmoja.

Ili maji yabaki shambani, matuta yafungwe kwa vizuizi vya udongo kila mita moja na nusu au mbili, vikiwa chini kidogo kuliko tuta lenyewe, maji yazidipo yapite juu bila kubomoa tuta. Zikinyesha milimita 50 kwa siku, siku mbili mfululizo, fungua vizuizi. Mizizi iliyozama huanza kufa na jani hugeuka njano, watu wakadhani ni njaa ya mbolea. Hapo wanamwaga urea, nayo kwenye kichanga kilicholowa kupita kiasi hushuka chini ya mizizi. Mvua ya kupandia ikichelewa hadi karibu na Krismasi, mbegu ya siku 120 itamaliza tarehe 20 na kitu Aprili, mvua zikiwa mlangoni kutoka. Tumia ya siku 90, au weka mtama na alizeti. Wa tumbaku wao wana shida yao: miche iliyokaa kitaluni zaidi ya wiki kumi ikisubiri mvua hurefuka na kudhoofika.

Kakonko na Kibondo msiwachanganye na sisi. Kaskazini mwa Kigoma Mamlaka huihesabu kwenye eneo la misimu miwili, vuli na masika. Utabiri wa "Kigoma" uliotoka gazetini bila wilaya unaweza kumfaa wa Uvinza ukampoteza wa Kakonko.

Michikichi inahitaji kumbukumbu ndefu zaidi. Mchikichi huamua kama ua litakuwa la kike au la kiume karibu miaka miwili kabla ya mavuno. Kiangazi kilichorefuka leo huonekana kwenye mikungu baada ya miezi 18 hadi 24, wakati kila mtu anailaumu mvua ya mwaka ule wa mavuno. Asiye na daftari la miaka mitatu hawezi kujua.

Ziwa nalo lina hesabu yake. Tanganyika hupanda hadi kilele kama Mei na kushuka hadi Oktoba au Novemba, tofauti isiyofika mita moja kwa mwaka. Lakini lina eneo la kilomita za mraba 32,900 hivi, na mlango mmoja tu wa kutokea, mto Lukuga upande wa Kongo. Maji mengi huondoka kwa kugeuka mvuke. Miaka ya mvua nyingi ikifuatana, ya mwaka huu hukaa juu ya yale yaliyobaki mwaka jana. Hivyo ndivyo lilivyokuwa kuanzia 2019 hadi 2024, na ndiyo sababu mialo, yaani mahali wavuvi wanapoegesha mitumbwi, inaweza kuwa chini ya maji jua likiwa kali na mbingu safi.

Ninachoomba ni jedwali dogo kila Jumatatu, kuanzia wiki ya kwanza ya Novemba hadi Mei. Kwa kila kituo liwe na milimita za siku saba, jumla tangu tarehe 1 Novemba, asilimia ya wastani kwa tarehe hiyo, na idadi ya siku kavu mfululizo zilizo ndefu kuliko zote. Safu hiyo ya mwisho ndiyo muhimu. Mamlaka ikisema "mvua za wastani" ina maana ya asilimia 75 hadi 125 ya wastani wa muda mrefu. Kwa mahali penye wastani wa milimita 950, hiyo ni kuanzia 712 hadi 1,187. Zote huitwa wastani, na zinaweza kushuka kwa utulivu siku mia au kwa vishindo vya siku arobaini zenye pengo la wiki tatu katikati. Vijiji vyenye vipimamvua vinavyosomwa kila siku viingizwe chini ya jedwali, kwa alama tofauti na vituo rasmi, na kistari kikionekana kwenye daftari kichapishwe kistari.

Msomaji wenu,
Isevya, Tabora