Barua kwa Rehema: kuhusu lile neno "mvivu"

Rehema mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie pamoja na wote hapo nyumbani. Mimi ni mzima. Barua yako imekaa juu ya meza yangu wiki 7, na kila asubuhi nilikusudia kuijibu, lakini jioni ilinikuta sijaandika zaidi ya tarehe. Leo nimemwomba Mwanaidi aje aketi upande wa pili wa meza na ushonaji wake, asinisemeshe, na ndiyo maana unasoma maneno haya.

Umeandika kwamba daktari amekuambia una ADHD, ile hali ya ubongo inayofanya iwe vigumu kutulia na kushika kazi, kisha mistari miwili baadaye ukajiita mvivu, kana kwamba daktari hakusema kitu. Neno hilo limeniuma. Mvivu huiacha kazi na moyo wake ukatulia, lakini wewe uliketi mbele ya ile ripoti tangu saa mbili asubuhi hadi adhuhuri, ukitaka kuiandika na kuona haya, huku mkono haunyanyuki. Tena mtu mzima hahesabiwi kuwa na hali hii mpaka ithibitike kwamba baadhi ya dalili zilikuwepo kabla hajatimiza miaka 12. Basi kumbuka tulipokuwa darasani, jinsi mwalimu alivyokuwa akikuita mara mbili, nawe macho yako yako dirishani. Je, tangu umri ule ulikuwa umeamua kuwa mvivu?

Dopamini, kemikali ya ubongo inayohusika na hamu na kuthamini matunda ya juhudi, inadhaniwa haifanyi kazi kwetu sisi wenye ADHD kama inavyofanya kwa wengine, na huenda ndiyo sababu kazi ya mwezi ujao haituvuti hata tukijua uzito wake, ilhali ile inayodaiwa kesho asubuhi hutuinua kitini. Ukingoja hamu ndipo uanze, utangoja sana. Mimi siku hizi siandiki "ripoti" katika orodha yangu, bali naandika "fungua daftari, andika kichwa cha habari", na mara nyingi kile kichwa kikishaandikwa mstari wa pili huja wenyewe.

Kuna pia ile njia ya Francesco Cirillo ya kufanya kazi dakika 25 na kupumzika 5, ambayo aliipa jina la nyanya kwa sababu ya saa yake ya jikoni yenye umbo hilo. Ni nzuri, ila dakika 25 zilinishinda mwanzoni, nikaanza na 10. Saa yenyewe naiweka mbele ya macho, kwa kuwa muda nisiouona kwangu ni kama haupo. Na ile shajara uliyoiacha baada ya siku 9 usiililie, maana karibu kila mbinu hutuchosha ikishazoeleka; iweke kando, shika nyingine, na huenda baada ya miezi ukairudia ikiwa mpya tena. Kuhusu dawa sitasema lolote, kwa kuwa hilo ni lako na daktari wako.

Narudi kwa Mwanaidi, kwani katika yote niliyojaribu hili ndilo lililonifaa zaidi. Hanisaidii neno hata moja, wala hasomi ninachoandika. Nikiinua kichwa namwona anatunga uzi kwenye sindano, nami narudi kwenye karatasi yangu bila kujishurutisha. Sijui kwa nini nilisubiri miaka mingi namna hii kuomba jambo dogo hivi. Nadhani niliona aibu, kama wewe unavyoona sasa, na aibu hiyo ilinigharimu kazi nyingi kuliko ADHD yenyewe.

Sasa niambie: ile ripoti imefikia wapi? Dada yako umemweleza, au bado unaogopa atakavyolipokea? Unalala saa ngapi, maana usiku ukiupoteza mchana wake hauna umakini? Na je, Jumamosi saa nne asubuhi utaweza kunipigia simu, tukaiacha wazi mezani muda wa saa moja, wewe na ripoti yako nami na hesabu zangu zilizolala, bila kuzungumza?

Wako akupendaye,
Saida