Karai la Kamukunji na shimo jeusi

Cambridge, Uingereza
12 Desemba

Mpendwa Baba,

Salamu nyingi kwako na kwa Mama. Mimi ni mzima, ila baridi ya huku ni kali na giza huingia kabla ya saa kumi jioni.

Jumapili simu ilikatika ukiwa umeniuliza: mtu anasomaje shimo lisilotoa hata mwanga? Baba, jibu nililiona kwenye kibanda chako pale Kamukunji. Ukimaliza kufua karai, ulikuwa unaligonga mara moja, kisha unatega sikio. Likilia vizuri na mlio ukafifia taratibu, unaliweka na ya kuuzwa. Likikwaruza, unajua lina ufa, hata kama jicho halijauona.

Shimo jeusi nalo hugongwa. Tarehe 14 Septemba 2015, mitambo ya LIGO kule Marekani, inayotega mitikisiko ya mbali angani, ilinasa mtikisiko wa mashimo mawili yaliyogongana yakawa moja, mbali kiasi kwamba mwanga wenyewe huchukua miaka kama bilioni 1.3 kutufikia. Lile jipya lilivuma kufumba na kufumbua, likanyamaza. Mvumo huo ndio unaotuambia uzito wake na jinsi linavyozunguka.

Mimi nashughulika na mlinganyo wa mawimbi, yaani hesabu inayoeleza jinsi wimbi linavyosafiri. Nataka kuthibitisha kwa kalamu, hatua kwa hatua, jinsi mvumo unavyofifia. Si rahisi. Nje kidogo ya ukingo wa shimo kuna mahali ambapo mwanga wenyewe huweza kuzunguka tu, haujatoroka wala haujatumbukia, na wimbi likifika hapo hukawia. Tena shimo linalozunguka, lile ambalo mwanahisabati Roy Kerr alilipatia hesabu yake mwaka 1963, laweza kulirudisha wimbi likiwa na nguvu kuliko lilivyokuja. Sasa utasemaje kwamba litafifia? Hapo ndipo nilipokwama tangu Septemba, na ndipo ninapopapenda kuliko pote.

Leo ni Jamhuri. Siku kama hii mwaka 1970, setilaiti ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, ikaitwa Uhuru. Vipimo vyake vilisaidia kulitambua Cygnus X-1, shimo jeusi la kwanza ambalo wanasayansi wengi walilikubali. Wenzangu hulitaja jina la Uhuru kila mara, na hawakujua ni neno letu. Nimewaeleza maana yake leo asubuhi, koo likinikaba.

Lile karai dogo la kwanza nililofua mwenyewe usiliuze, Baba. Nitalichukua Agosti nikija.

Mwanao,
Mutua