Kishingo wangu na mtungi wa baridi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niwajibu wanaocheka hapa Kitangari kwamba wataalamu siku hizi "wanaotesha kuku kwenye chupa". Hakuna kuku kwenye chupa. Kinachooteshwa ni seli mama za uzazi, zile ambazo baadaye huja kuwa mbegu kwa jogoo na yai kwa mtetea. Nami nina sababu yangu ya kulifuatilia jambo hili.

Mwaka juzi, tukiwa tumezama kwenye kupulizia mikorosho salfa, niliipitisha zamu ya chanjo ya matone ya jicho. Mdondo ukaingia. Kati ya kuku 34 walisalia mitetea wawili wa kishingo, yaani kuku wa shingo isiyo na manyoya, ukoo niliopewa na bibi yangu nilipoolewa. Jogoo hakubaki hata mmoja. Nikawapandishia jogoo chotara wa jirani. Vifaranga wakatoka shingo tupu, lakini kila mmoja ana kishungi cha manyoya mbele ya shingo. Anayewajua kishingo anajua maana yake: damu imeshachanganyika.

Nikamlilia mpwa wangu anayesomea mifugo SUA, Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro, anitafutie mbegu ya jogoo iliyogandishwa, kama ile ya fahali inayotoka kituo cha uhimilishaji cha Usa River, Arusha. Akacheka. Mbegu ya jogoo, akasema, haivumilii baridi kama ya fahali. Tena kwa kuku anayeamua jinsia ya kifaranga ni mama, kwa hiyo kinacholeta majike hakimo kabisa katika mbegu ya jogoo. Ukoo ukiisha wote, mbegu hiyo peke yake haiurudishi. (Wanaume wanaowafukuza wake zao kwa kuzaa mabinti watupu wangekuwa majogoo, lawama yao ingekuwa na mashiko.) Na yai zima haligandishiki, kiini chake ni kikubwa mno.

Njia iko kwenye yai la siku ya tatu. Tunaoatamisha tumeliona: ukilivunja unakuta nyuzi nyekundu zimetanda kama utando wa buibui, katikati kitone kinadunda. Ndani ya damu ile, kwa muda mfupi tu, seli mama za uzazi zinasafiri kwenda mahali patakapokuwa korodani au ovari. Mtaalamu huchukua tone dogo, akaziweka kwenye maji ya lishe yenye protini za ukuaji, kwenye joto kama la mwili, nazo huongezeka wiki hadi wiki mpaka zikafika malaki. Mwaka 2006 watafiti wa California walionesha kwamba seli zilizooteshwa hivyo, zikirudishwa kwenye kiinitete, huja kuzaa vifaranga. Wenzao wa taasisi ya Roslin, Uskoti, wana kuku wasio na mbegu zao wenyewe. Wakipandikizwa seli za ukoo mwingine, hutaga mayai ya ukoo ule. Jambo hilo lisitushangaze. Nani hapa hajawahi kumwekea kuku mayai ya kanga, akayaatamia na kuwalea wana wasio wake?

Mwaka 2025 kampuni moja ya Marekani ilitangaza kuwa imeotesha seli hizo za njiwa, ikilenga kumrudisha dodo wa Morisi, ndege wa jamii ya njiwa aliyetoweka zamani. Mimi dodo simtaki. Namtaka kishingo, ambaye jua la Newala halimsumbui.

Nairobi, katika taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, ILRI, wameshaanza kuzihifadhi seli za kuku wa kienyeji wa Kenya kwenye nitrojeni ya nyuzi 196 chini ya sifuri. Mitungi kama hiyo nchini tunayo, ila ni ya ng'ombe. Naiomba wizara imtume mtu Newala, Tandahimba na Masasi, anunue mayai kwa bei ya haki, aandike ni ya nani na ya kijiji gani. Na siku seli zikipelekwa kokote, mwenye kuku ajulishwe. Na chanjo ya matone isicheleweshwe eti kwa kuwa mtungi upo.

Mtetea mmoja alichukuliwa na kicheche mwezi uliopita. Aliyebaki ameanza kuatamia jana, mayai 11, ya jogoo wa kishingo niliyemwazima Tandahimba kwa ahadi ya kumrudisha na kifaranga kimoja. Anayetaka yai la siku ya tatu ajue kwamba barua hii ikitoka, siku hiyo itakuwa imepita. Lakini mtetea ataatamia tena kabla ya korosho kuanza kuanguka.

Mfugaji wa kuku,
Kitangari, Newala, Mtwara